Je, Kufuta Kosa Ndiko Kusamehe?

Mtu aliyemtukana ndugu yake mbele ya watu, jioni akiwa peke yake, husema moyoni: «Laiti ningaliweza kuirudisha saa nyuma!» Neno hili hulisema wazee na vijana, wakulima na watu wa migodi, wenye elimu na wasiojua kusoma. Wote hulisema wakijua ya kuwa haiwezekani. Neno lililokwisha kutoka kinywani haliingii tena, wala chungu kilichopasuka hakijiungi chenyewe.

Haya, na iwe inawezekana. Mtu huyo apewe uwezo wa kurudisha saa nyuma kila apendapo, bila malipo wala kikomo. Je, atakuwa amepata kile anachokitamani? Je, ndugu yake atakuwa amemsamehe? Fikirini kidogo kabla ya kujibu, wasomaji wapenzi, maana hapa jibu la haraka si jibu zuri.

Swali hilo aliliuliza Mmarekani mmoja, jina lake Jonathan Blow, wala hakuliuliza kwa kitabu bali kwa mchezo. Yeye ni fundi wa kutunga michezo ya kompyuta, yaani picha zinazotembea juu ya kioo, ambazo mchezaji huziendesha kwa vidole vyake mwenyewe. Mchezo wake huitwa Braid, maana yake msuko wa nywele, nao ulitolewa tarehe 6 Agosti 2008. Picha zake zilichorwa na David Hellman kwa rangi zilizo kama za mchoraji wa turubai. Kuna watu watakaocheka wakisikia kwamba mchezo wa vijana unaulizwa mambo ya dhamiri. Wasicheke upesi. Hadithi za sungura na fisi nazo ni mchezo wa jioni, na wazee hawakuzidharau.

Katika mchezo huo yumo kijana aitwaye Tim, aliyevaa koti na tai shingoni. Anatembea, anapanda ngazi, anaruka mashimo, anawakanyaga wanyama wadogo wanaomjia, naye anamtafuta binti mfalme aliyechukuliwa na jitu baya. Mambo hayo si mageni. Mwaka 1985 Wajapani walitoa mchezo wa Mario, fundi mfupi mwenye masharubu, ambaye naye alimtafuta binti mfalme, na kila alipofika mwisho wa ngome aliambiwa kwamba binti yumo katika ngome nyingine. Tim pia huambiwa hivyo. Lakini Mario akianguka shimoni hufa, na akifa mara kadhaa mchezo umekwisha. Tim hafi kabisa. Akianguka, kila kitu husimama, na mchezaji akibonyeza kitufe kimoja, wakati hurudi nyuma: Tim hupaa kutoka shimoni, wanyama hutembea kinyumenyume, na hata nyimbo huimba kutoka mwisho kwenda mwanzo. Aweza kurudi mpaka pale alipoingilia mlangoni.

Miaka mitano kabla yake, yaani 2003, ulikwisha kutokea mchezo mwingine wenye uwezo wa namna hiyo, habari za mwana wa mfalme wa Uajemi. Lakini kule uwezo wa kurudi nyuma ulipimwa kama dawa ya hospitali: mchanga wa ajabu ukiisha, huwezi tena. Blow aliondoa kipimo. Kwake kurudi nyuma ni kama maji ya mto, kila mtu huchota apendavyo. Na hapo ndipo fikira inapoanza, kwa kuwa adhabu ikiondolewa kabisa, yabaki kuulizwa ni nini kilichobaki cha kosa.

Ulimwengu wa kwanza anaouingia Tim umepewa jina la Wakati na Msamaha. Mlangoni mwake vimewekwa vitabu, na mchezaji akipita mbele yake husoma habari. Husoma kwamba binti alipotea kwa sababu Tim alikosa, wala si mara moja. Alisema uongo, na binti alijaribu kusamehe, lakini imani kati yao ilikuwa imekwisha kuvunjika. Akageuka kwa dharau, msuko wake ukampiga Tim kama mjeledi. Kisha Tim anaota ulimwengu ambamo mtu aliyekosa na kujifunza angepewa thawabu ya kujifunza kwake badala ya kuadhibiwa kwa kosa lake. Angesema tu kwamba hakukusudia, na mambo yangerudi yalivyokuwa.

Ndoto hiyo ni tamu, na kila mtu aliyepata kukosa ameiota. Ipimeni lakini kwa mfano wa kijijini. Mtu ameiba mbuzi wa jirani yake usiku. Alfajiri anaogopa, anamrudisha zizini kabla jirani hajaamka. Mbuzi yupo, kamba ipo, hakuna aliyejua. Kosa limefutwa kwa macho ya watu. Je, jirani amesamehe? Hakusamehe, kwa sababu hakuulizwa. Kusamehe kunahitaji watu wawili, mmoja wa kukiri na mmoja wa kupokea. Kufuta kunahitaji mtu mmoja tu, na zaidi ya hayo kunahitaji kwamba yule mwingine asijue lolote. Kwa hiyo njia hizo mbili hazikaribiani hata kidogo, ingawa kwa mbali zinafanana. Aliyerudisha mbuzi kwa siri amejiokoa na aibu. Jirani yake bado analala jirani na mwivi.

Huenda mtu akajibu: «Lakini katika mchezo wakati umerudi kweli! Wizi haukuwapo.» Ni kweli, haukuwapo kwa jirani. Kwa mwivi ulikuwapo, maana yeye anakumbuka. Na hapa ndipo mchezo wa Blow unapoonyesha akili yake, kwa kuwa haukuishia katika ule ulimwengu wa kwanza. Kila mlango unaofuata una sheria yake mpya juu ya wakati, na kila sheria mpya huikata ile ndoto kipande.

Katika ulimwengu wa pili vimo vitu vinavyong'aa rangi ya kijani, navyo havitii amri ya kurudi nyuma. Tim hujitupa shimoni, huokota ufunguo unaong'aa, kisha wakati hurudi na yeye hujikuta juu tena, lakini ufunguo umo mkononi mwake. Yaani si kila kilichotendwa hufutika pamoja na siku yake. Katika ulimwengu wa tatu wakati umefungwa na mahali: Tim akienda kuume, saa huenda mbele, akienda kushoto, hurudi nyuma, akisimama, kila kitu husimama. Kitabu cha mlango huo chasema juu ya kijana anayekwenda kuwasalimu wazazi wake na kujiona amekuwa mtoto tena ndani ya nyumba yao. Aliyekwenda mjini miaka kumi akarudi kijijini kwao hahitaji maelezo zaidi.

Lakini mlango uliotungwa kwa ustadi kuliko yote ni ule wa nne, wa Wakati na Uamuzi. Humo Tim akitenda jambo, kisha akarudisha wakati nyuma, hutokea kivuli chake. Kivuli hicho huyatenda tena yale yote ambayo Tim ameyafuta: huruka pale aliporuka, hufungua pale alipofungua, huanguka pale alipoanguka. Tim aliye hai aweza kwenda njia nyingine, lakini yule Tim wa kwanza anaendelea na njia yake mpaka mwisho, kisha hutoweka. Mchezaji hana budi kukitumia. Kuna milango ambayo mtu mmoja hawezi kuipita, kwa kuwa anayevuta mti wa kuufungua yu mbali na mlango wenyewe. Basi Tim huvuta mti ule, hufuta kitendo chake, na wakati kivuli kinapouvuta mara ya pili, yeye hupita.

Tazameni jinsi jambo hilo lilivyo zito. Kitendo kilichofutwa bado kinatembea na kufanya kazi. Mtu aliyeamua kuoa huku, akaacha kuoa kule, hubaki na mtu wa pili ndani yake aliyeoa kule, naye humwona akipita. Wala kivuli hicho si adui. Tim asingepita mlango bila yeye. Mtu aliyewahi kusema uongo, akaacha, mara nyingi ndiye anayemtambua mwongo kwa haraka na kumwonya mdogo wake kwa huruma. Kama kosa lake lingefutwa mpaka katika kumbukumbu, angepoteza na hekima ile. Blow hakuandika maneno haya mahali popote. Aliyaweka katika sheria ya mchezo, na kidole cha mchezaji huyaelewa kabla ya kichwa chake. Sifa hiyo yampasa kupewa bila choyo, kwa kuwa vitabu vingi vya maadili vyasema mengi na kumwacha msomaji amelala.

Mlango wa tano wa kuchezea una pete inayopunguza mwendo wa kila kilicho karibu nayo. Ni mzuri, si wa kusimulia kirefu.

Ndipo wafika mwisho, ambao mtungaji ameuita ulimwengu wa kwanza japokuwa unafunguka baada ya mingine yote. Humo wakati wote huenda kinyume. Mchezaji humwona binti mfalme juu, askari mwenye mavazi ya chuma akimkamata, naye akimponyoka na kukimbia. Tim hukimbia chini yake, ukuta wa moto ukiwafuata nyuma. Binti huvuta miti ya kufungulia, Tim hupita. Kila mmoja kana kwamba anamsaidia mwenzake. Hatimaye wamefika nyumbani kwa binti, Tim yuko nje ya dirisha, na hapo mchezaji hutazamia kupongezwa. Kumbe njia haiendelei. Hana la kufanya ila kurudisha wakati.

Na kwa kuwa humo wakati ulikuwa unakwenda kinyume, ukirudishwa ndipo mambo yanaonekana yalivyokuwa. Binti alikuwa amelala. Tim alikuwa dirishani. Binti anaamka, anakimbia, na kila mti anaouvuta ni mtego wa kumzuia Tim asimfikie. Askari aliyedhaniwa kuwa jitu baya anamchukua mikononi na kumwokoa. Tim anabaki chini peke yake.

Mchezaji aliyetembea na Tim saa nyingi, akakusanya vipande 60 vya picha, akisadiki kwamba anamwokoa mtu, hupigwa na jambo hilo kifuani. Hakuna hatua hata moja aliyokosea. Zile zilizokosewa zote alizirekebisha. Kosa halikuwa katika hatua, lilikuwa katika safari yenyewe. Mtu aweza kurekebisha kila mruko na bado akawa anamfukuza yule anayesema kwamba anampenda. Hilo ndilo jibu la Blow kwa ndoto ya mlango wa kwanza, nalo ni jibu la kweli: kurudi nyuma humfundisha mtu kuruka vizuri zaidi, lakini hakumwulizi anakwenda wapi. Kugeuka ni jambo jingine kabisa. Atakaye kugeuka hahitaji saa irudi, ahitaji kusimama.

Kama mchezo ungeishia hapo, sifa zingetosha. Hauishii hapo, na sasa yafaa kusema juu ya upungufu wake.

Kwanza ni vile vitabu vya mlangoni. Mchezo wenyewe husema wazi kama mchana, vitabu husema kwa mafumbo, na mara nyingi vyasema kwa mashaka ya mtu anayejisikiliza. Mchezaji aweza kuvipita vyote bila kusoma, na asipotewe na kitu katika kufungua milango. Hilo si dalili njema kwa maneno. Mahali fulani binti mfalme ni mwanamke aliyepuuzwa. Mahali pengine ni peremende zilizo nyuma ya kioo cha duka, mtoto akivutwa mkono na mama yake. Na mwisho kabisa binti anakuwa kitu kingine, ambacho kwa watu wa Kongo si kigeni.

Katika vitabu vya mwisho yamewekwa maneno ya watu waliolishuhudia bomu la kwanza la atomiki, lililolipuliwa jangwani huko New Mexico, Marekani, alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945. Jaribio lile wenyewe waliliita Trinity, yaani Utatu. Jina ambalo msomaji atajua mwenyewe la kufikiri juu yake. Siku 21 baadaye bomu liliangushwa Hiroshima. Mchezaji akikusanya nyota saba zilizofichwa katika mchezo, hupewa njia ya kumfikia binti katika ule ulimwengu wa mwisho. Na Tim akimgusa, hutokea mlipuko wa mwanga. Basi binti ni elimu ile ambayo wataalamu waliifukuza usiku na mchana, na walipoishika ikalipuka.

Fikira hiyo si ndogo. Lakini mtungaji ameitaja kwa kuichungulia tu, kama mtu apitaye mbele ya nyumba yenye msiba bila kubisha hodi. Madini yaliyotumiwa na Wamarekani katika kazi ile, sehemu kubwa yalitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga. Mwaka 1940 kampuni ya Union Minière ilipeleka New York zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Waliyachimba Wakongo, na hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Katika vitabu vya Tim hawamo. Wala watu wa Hiroshima hawamo. Yumo mtaalamu peke yake, na majuto yake.

Hilo ndilo pengo la mchezo mzima, wala si la vitabu tu. Binti mfalme hapewi neno. Habari zake zote huja kwa kinywa cha yule aliyemkosea. Tangu ulimwengu wa msamaha hadi mlipuko wa mwisho, mwenye kuumizwa haulizwi: uliumizwa namna gani, wataka nini, waweza kusamehe au huwezi? Mchezo umemfunua Tim kuwa mwindaji, kisha umeendelea kumtazama Tim. Pengine mtungaji alitaka iwe hivyo, ili mchezaji aone upweke wa mtu wa namna ile. Hata hivyo msamaha uliotajwa mlangoni haukupata kujaribiwa. Ulijaribiwa ufutaji.

Upungufu mwingine ni mdogo, lakini wachezaji huulalamikia. Baadhi ya mafumbo hutaka kidole kiwe kepesi kuliko akili. Mtu amekwisha kujua jibu, na bado hushindwa mara ishirini kwa kuchelewa nusu ya kufumba jicho. Kazi yenyewe ni fupi, saa chache tu kwa mwenye kuelewa haraka, na ilipotoka kwa dola 15 wengine walinung'unika bei. Manung'uniko hayo hayana uzito. Hakuna apimaye methali kwa urefu wake. Blow aliifanya kazi ile miaka zaidi ya mitatu kwa fedha zake mwenyewe, na mwaka 2024 akaitoa tena, picha zikiwa zimechorwa upya.

Zile nyota zastahili neno moja zaidi. Mojawapo hupatikana kwa kungojea juu ya wingu litembealo polepole mno, hata mchezaji hukaa karibu saa mbili bila kufanya lolote. Mchezo uliompa uwezo wote juu ya wakati humnyima hapo uwezo wa kuuharakisha. Wengi huona ni dhihaka. Na nyota nyingine imefichwa katika vipande vya picha vyenyewe: vipande visipounganishwa bado, mchezaji aweza kuvipanga vikatoa umbo la nyota. Lakini vikishaunganishwa kuwa picha kamili, havitengani tena. Katika mchezo wa 2008 mtu aliyekwisha kuimaliza picha ile, kisha akasikia habari za nyota, hubonyeza kile kitufe cha kurudisha wakati, na hakuna kinachorudi. Hana njia ila kufuta kazi yake yote na kuanza tena tangu mlango wa kwanza.